Njia ya Tisa, Isiyo na Ngazi

Nimewatembeza wageni Chongqing kwa miaka kumi na tisa, nusu siku kwa nusu siku, kundi moja asubuhi na jingine mchana, na goti langu la kulia ndilo lililoumia kwa niaba ya wote. Ofisi yetu ina njia nane. Kila njia ina namba yake, bendera yake ya rangi, na ngazi zake. Ya kwanza ina ngazi mia nne na kitu. Ya tatu inapita mahali panapoitwa Ngazi Kumi na Nane, na mgeni akisikia jina anafurahi, mpaka agundue kwamba kumi na nane ni mafungu tu. Za ya sita sijawahi kuzihesabu. Niliogopa.

Mtu wa mji wa tambarare hanielewi nikilalamika. Huku kwetu unaingia jengoni kutoka barabarani, unadhani uko chini, kumbe uko ghorofa ya kumi na nane, na huko chini yako kuna barabara nyingine yenye mabasi yake na wauza tambi wake. Ukitaka kwenda kwa jirani unaweza kumwona dirishani na bado ukatembea nusu saa. Ndiyo maana wageni wanakuja. Wanataka kutokwa jasho kidogo, wapige picha, kisha saa sita mchana wapelekwe kula.

Daktari alinionyesha picha ya goti kama fundi anavyokuonyesha tairi iliyokwisha. "Tembea tambarare," alisema. Nikamwuliza kama yeye ni mzaliwa wa hapa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne nistaafu. Awali ulikuwa mwaka mmoja na miezi miwili, halafu tarehe za kustaafu zikasogezwa mbele nchi nzima, nami nikasogezwa pamoja na wengine. Kisha mwezi wa nne Meneja Pu akatuita sote waongozaji, akasema kuanzia sasa kila mmoja lazima aweze njia zote nane, bila kubadilishana na mwenzake. Asiyeweza, mkataba wake ukiisha mwezi wa tisa hauongezwi. Alisema hayo huku anatabasamu na kutugawia maji baridi. Nani atamwajiri mwanamke wa hamsini na mitatu kwa mwaka mmoja? Hata kuosha bakuli kwenye mikahawa wanataka wasichana.

Basi nikalificha goti. Nililifunga bandeji chini ya suruali, katika joto la kwetu ambalo hata mbwa hulala chali. Kwenye ngazi nilikuwa nawaambia wageni watangulie, mimi nabaki nyuma "kuwakusanya wanaochelewa", nikashika ukuta, nikaongea kwenye kipaza sauti kutoka huko nyuma kana kwamba ndivyo kazi inavyofanywa. Jioni mume wangu, Deng, alikuwa anaandaa beseni la maji ya moto na tangawizi kabla sijavua viatu. "Waambie," aliniambia kila siku. Kila siku nikamwambia anyamaze.

Kisha nikabuni njia ya tisa.

Ilinichukua wiki tano za siku zangu za mapumziko. Nilikwenda huku na huko kama mwizi anayepeleleza nyumba, nikiingia kila jengo lenye lifti. Nikajua duka lipi kubwa linafungua milango yake ya chini kabla ya saa tatu, na benki ipi ina lifti inayotoka upande wa pili wa kilima. Nikajua mlinzi yupi wa jengo la makazi anakubali watu wapite akiletewa sigara, na yupi hakubali hata ukimletea shamba la tumbaku. Mwisho nikapata mstari mmoja kutoka juu kabisa kilimani hadi mtoni: lifti saba, ngazi za umeme mara mbili, handaki moja la zamani la vita ambamo wakazi hukaa wakati wa joto wakicheza karata, na hakuna hata ngazi moja ya mawe. Nikampelekea Meneja nikamwambia ni kwa ajili ya wageni wazee.

"Dada Ran," alisema, "wewe ni hazina." Meneja Pu ana umri wa mkwe wangu, lakini ananiita dada tangu aliporudi kutoka semina fulani.

Njia ya tisa ilianza mwezi wa sita, nikaachiwa hiyo tu, na kwa wiki mbili nililala usingizi wa watu. Wazee walipenda. Mlinzi wa lifti ya saba, katika jengo refu la makazi lililo juu ya mto, alizoea kutuona akawa anatushikia mlango. Nje ya jengo hilo, penye mwanzo wa ngazi za zamani zinazoshuka mtoni, alikaa mpagazi mmoja na mti wake wa mzegazega, wa kubebea mizigo begani, na mimi nilikuwa namwonyesha kila asubuhi kwa ncha ya bendera: huyo ni mmoja wa wapagazi wa mwisho wa mji. Yeye alikuwa anainua mkono. Jina lake nilikuwa silijui, na siku zote hizo sikuuliza.

Ndipo wakaja wale wa Tianjin. Walikuwa kumi na mmoja, wastaafu wa karakana ya reli, wakiongozwa na bibi mmoja mfupi mwenye kofia nyeupe, Bi Gong, miaka sabini na sita. Watu wa Tianjin hawajui kukaa kimya. Tangu lifti ya kwanza walikuwa wanataniana, na ilipofika ya nne wakaanza kunitania mimi. Tulipofika kwenye lifti ya saba ilikuwa saa tano kasoro, na mlinzi alikuwa amekaa mbele ya mlango wake na kijikaratasi kimebandikwa juu.

"Imekufa tangu alfajiri," aliniambia. "Fundi anakuja saa nane."

Basi lilikuwa linatungoja mtoni saa tano na nusu. Kurudi juu kwa njia tuliyokuja ilikuwa saa nzima. Kwenda chini ilikuwa dakika kumi na tano, kwa ngazi mia mbili themanini na sita. Hizo nilizihesabu, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa na magoti mawili.

"Wajomba na mashangazi zangu," nilisema, "tutarudi tulikotoka. Ngazi hizi si za wazee. Zina majimaji."

Bi Gong akavua miwani. "Wazee gani?"

"Ninyi, shangazi."

"Mnasikia? Tumeitwa wazee." Akanigeukia. "Mwanangu, mimi nimeendesha winchi miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi nilipanda mita ishirini kwa ngazi ya chuma, na mimba ya mwanangu wa pili nikapanda nayo. Wewe unaniambia majimaji?"

"Ni kwa usalama wenu, shangazi."

"Umetuingiza kwenye lifti sita tangu asubuhi. Nimeona lifti zaidi kuliko nilivyouona mji. Nikirudi nyumbani niwaambie nini, kwamba Chongqing ina vibonyezo vizuri?"

Wenzake wakacheka, na mzee mmoja aliyekuwa anapumua kwa shida tangu asubuhi akawa wa kwanza kushuka. Wakafuata wote, wameshikana mabega, wakipiga kelele kama wanafunzi waliotoroka shule. Nikaita. Hakuna aliyegeuka. Nikashuka ngazi moja, ya pili, na kwenye ya tatu goti likakataa, nikabaki nimekumbatia ukuta na bendera imening'inia.

Mwongozaji akiachana na kundi lake ananyang'anywa beji. Hilo halina mjadala, na lilinipita kichwani mara moja: wazee kumi na mmoja kwenye ngazi zenye ukungu wa kijani, na mimi niko juu. Nilitaka kulia, lakini hata kulia kunahitaji nguvu.

"Leo hujanionyesha kwa bendera," mtu alisema nyuma yangu. Alikuwa yule mpagazi. Alinitazama uso, akatazama goti, akaulaza mti wake chini. "Panda."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni. Nimebeba friji hapa, nimebeba piano, nimebeba na bibi harusi mmoja mnene kuliko wewe. Panda, watakupotea."

Nikapanda. Sijui niseme nini zaidi kuhusu aibu ile. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu wawili, nimening'inia mgongoni kwa mwanamume nisiyemjua jina, huku bendera ya kampuni ikimpiga sikio. Alishuka haraka, kwa hatua fupi, kisigino kikigusa kwanza, na kila alipofika kona alitoa mguno wa chini wa kujipa moyo. Tuliwakuta wa Tianjin katikati. Bi Gong alikwisha kutoa simu.

"Tazameni," alisema, "kiongozi wetu amekuja kwa ndege."

Nami, badala ya kunyamaza, nikafanya kazi yangu. Nikiwa kule juu mgongoni nikawaeleza ngazi zile zilichongwa na nani, maji yalibebwa vipi kutoka mtoni, na mpagazi mzuri anajulikanaje kwa mabega yake. Walicheka mpaka chini. Kwenye basi nilimwuliza mpagazi, kupitia dirishani, anaitwa nani. "Qin," alisema. "Na wewe punguza tambi."

Jioni hiyo Meneja alinipigia. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu wote: niliteleza, nimeteguka, kesho nitakuwa sawa.

"Dada Ran," alisema, "watu laki tatu wameiona video yako ya ngazini."

"Meneja, samahani, niliteleza pale..."

"Usinipe siri ya kazi. Ni wazo zuri sana. Mwongozaji anabebwa na mpagazi wa mwisho wa mji, huku anaongea. Hakuna kampuni iliyowahi kufikiria hilo. Kesho tena."

"Lifti itakuwa imetengenezwa kesho."

"Achana na lifti."

Nilikata simu. Deng aliniuliza wanasemaje. Nikamwambia nimepona.

Kesho yake nilienda mapema kumwuliza Qin, na ukweli ni kwamba nilitumaini atakataa. Angekataa, neno lingekuwa lake na mimi ningebaki na mikono misafi. Alikuwa anakula mkate wa mvuke. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, isipokuwa Jumatatu."

"Mwaka huu wote nimebeba mara kumi na nne. Watu wanaagiza kwa simu, pikipiki inawaletea mpaka mlangoni. Nimekaa hapa natazamwa tu." Akapangusa mikono. "Afadhali kubeba mtu anayeongea kuliko kutazamwa. Una miaka mingapi ya kazi iliyobaki?"

Nikamwambia mwaka na miezi miwili.

"Basi tutaumaliza," alisema, kana kwamba anazungumzia gunia la mchele. "Ila hiyo chupa ya chai usije nayo. Nzito."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mwezi mzima wa saba na kuingia wa nane. Wazee hawakuja tena sana kwenye njia ya tisa. Walikuja vijana wenye simu. Waliteremka kwenye lifti bila kutazama chochote, wakingoja ngazi. Mimi nilianza kujipunguza. Asubuhi nilikula nusu bakuli. Niliacha chupa ya chai, nikaacha mwavuli, nikaacha funguo za nyumba kwa dereva. Nilivua hata ile bandeji, kana kwamba bandeji ina uzito. Kaka Qin aliona. "Leo umekuja mwepesi," alikuwa ananiambia nikipanda, hata siku ambazo najua hakikubadilika kitu.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Hilo nilimwuliza wiki ya tatu, na lingefaa niulize siku ya kwanza.

Siku ile ya mwezi wa nane joto lilikuwa nyuzi arobaini na moja. Nilikuwa na wasichana kumi na sita wa chuo kutoka Zhengzhou, watoto wazuri, wenye adabu, kila mmoja na feni yake ndogo ya mkononi. Tulishuka ngazi mia moja na arobaini vizuri. Kwenye kona ya pale, penye mti uliootea ukutani, Kaka Qin alisimama, ameuegemea mti wake wa mizigo aliokuwa sasa anashuka nao kama mkongojo. Hakuwa na kawaida ya kusimama. Nilihisi mapaja yake yakitetemeka chini yangu, mtetemo mdogo mdogo, kama ule wa mashine ya kufulia ikikaribia kumaliza.

"Ongea nao," alisema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Ongea. Wakikusikia hawanitazami miguu."

Na mimi nikaongea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niligeuza uso kwa wale wasichana, nikainua bendera, nikasema tumesimama hapa makusudi ili wautazame mto, nikaeleza kuhusu wapagazi maelfu waliokuwa wanangoja meli, wanavyoitana, wanavyolala. Niliongea vizuri. Nilitia chumvi. Mmoja wao akafuta machozi. Na muda wote huo jasho la mzee yule lilikuwa linapita kwenye shati lake na kuingia kwenye langu, na akaanza kushuka tena, ngazi moja, anangoja, ngazi nyingine, anangoja, na mimi naongea ili asionekane anangoja.

Tulishuka hivyo ngazi sita. Kwenye ya sita sauti yangu ikaisha yenyewe.

"Kaka Qin, nishushe."

"Bado."

"Nishushe."

"Na mwaka wako?"

"Nishushe, nimesema."

Akainama taratibu nikakanyaga jiwe. Wasichana walikuwa wametuzunguka, na simu kadhaa zilikuwa juu. Nikazima kipaza sauti, maana sikutaka kulisema kwa sauti ya kazi.

"Wanangu," nilisema, "mimi siwezi kushuka ngazi. Sijaweza tangu mwaka juzi. Nilibuni njia hii ili nisishuke. Na huyu kaka yangu miguu yake imekwisha, na amekuwa anaficha kama mimi. Hayo niliyowaambia kuhusu mto yalikuwa ili msimwangalie. Shukeni wenyewe, basi ni la bluu, dereva anawajua."

Mmoja akampa Kaka Qin feni yake. Mwingine akauliza kama waite gari la wagonjwa, nikamwambia gari litapita wapi. Basi wakashuka, polepole, wakigeuka nyuma. Nilijua kuna simu iliyoyachukua yote, na kwamba kabla hawajafika kwenye basi Meneja atakuwa ameyasikia.

Tukakaa. Yeye alikaa ngazi moja chini yangu, amenyoosha miguu mbele, na miguu ilikuwa bado inacheza.

"Umeharibu kazi mbili kwa mpigo mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Ningefika chini."

"Usingefika."

"Leo nisingefika," alikubali. "Kesho ningefika." Alijipepea na ile feni ya msichana, kisha akanielekezea mimi, kisha yeye tena. "Mwaka na mwezi mmoja. Karibu tungeumaliza."

"Karibu wapi, Kaka. Tumefanya mwezi mmoja."

Akacheka mpaka akakohoa. Mama mmoja aliyebeba mboga akatupita, akaturuka miguu bila kuuliza kitu. Simu yangu ikalia, ikakata, ikalia tena. Jina la Meneja. Niliitazama na sikuwa na hofu. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa miaka kumi na tisa uliokuwa unangoja nikae.

"Sasa tunashukaje?" Kaka Qin aliuliza.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwenda juu zilikuwa mia moja arobaini na sita, kwenda chini mia moja arobaini. Yeye hakuweza kusimama, mimi sikuweza kukunja goti. Mwisho tukashuka kama watoto wanaotambaa, kwa makalio, tunajishusha ngazi moja, tunahema, tunajishusha nyingine, yeye mbele na mti wake umelala mapajani, mimi nyuma nimeshika bega lake. Watu walikuwa wanapanda wanatupisha. Suruali ya kampuni iliisha kwa nyuma.

Tulipokuwa tumebakiza kama tisini simu ililia mara ya nne, nikapokea.

"Dada Ran, uko wapi?" Meneja alisema. Hakuwa anatabasamu. "Nimeiona video. Nakutaka ofisini sasa hivi, na beji yako. Utafika saa ngapi?"

Nikatazama chini, nikamtazama Kaka Qin aliyekuwa amefumba macho na feni imezimika mkononi.

"Sijui, Meneja," nilisema. "Niko na mwenzangu, na tunapumzika kila ngazi kumi."